Nafasi ya Timu

Wanafunzi wa uuguzi walipoingia wodi ya wanawake asubuhi ile, wagonjwa walimtambua Joviale kabla hajatajwa jina. Utamficha wapi msichana anayeinama ili asigonge kichwa mlangoni? Blauzi yake nyeupe ilimfika nusu ya mkono tu. "Ule njo wa timu ya basket," mgonjwa mmoja alimwambia mwenzake, na wote wawili wakajiinua kwenye mito wamtazame.

Ilikuwa siku ya mwisho ya stage, mafunzo yao ya hospitalini. Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa amtundikie perfusion ya maji, na mama Mélanie, muuguzi mkuu wa wodi, angemwekea alama. Wenzake Joviale walikuwa wameshinda humo tangu mvua zianze, wakichoma, wakikosea, wakigombezwa. Yeye alikuwa uwanjani. Asubuhi za stage zilikuwa pia asubuhi za mazoezi, na kila mara kocha Guy wa timu ya shule alituma ujumbe kwamba Joviale ameruhusiwa. Sindano alikuwa ameiingiza kwenye mkono wa plastiki tu, pale shuleni. Mkono wa mtu alikuwa bado hajaugusa.

Alielekezwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Alikiendea akitabasamu, na tabasamu likamkauka njiani. Kwenye mkeka kando ya kitanda, akikunja vitenge vya mama yake mgonjwa, alikuwa amekaa Virginie. Walikuwa wamesoma pamoja mtaani kwao Bagira, dawati moja, tangu wangali wadogo.

"Bonjour, Virginie."

"Bonjour, docteur," Virginie alijibu, wala hakuwa anatania.

Wote wawili walitaka uuguzi. Katika mtihani wa taifa Virginie alipata sabini na moja, Joviale hamsini na tatu. Virginie akafanya concours ya kuingia shule ya uuguzi, akapasi, akaambiwa nafasi zimejaa, arudi mwakani. Mwakani akaimbiwa wimbo uleule. Joviale hakukalia concours yoyote. Kocha Guy alimwona akicheza kwenye uwanja wa parokia, akamuuliza urefu wake, na haikupita juma baba yake, papa Jean-Marie, akawa anazunguka mtaa kutangaza kwamba binti ameingia shule kubwa na hatalipa kitu. Majirani walishangilia. Virginie naye alikuja kumpongeza, akala wali, akaondoka mapema. Tusimlaumu Joviale kwa kuikubali bahati ile. Mwenye njaa hana miiko, na pale kwao hakukuwa na mtu aliyejua pesa za shule zingetoka wapi.

"Kumbe ni mutoto wa Jean-Marie!" mama yake Virginie, mama Cibalonza, alisema kutoka kitandani. Alikuwa ameharisha mpaka midomo ikapasuka, lakini aliona fahari. "Virginie, leo tuko na bahati. Siku ile mulipiga ba Goma, makelele ilifika mpaka kwetu."

"Aksanti, maman. Munipe mukono."

Virginie alimkabidhi cathéter tatu, sindano za kuingizia maji mshipani. Alikuwa amezinunua duka la dawa lililo nje ya geti, kwa sababu hospitali haikuwa nazo, na bei ilikuwa imepanda tena tangu Jumatatu. Joviale alifunga mpira juu ya kiwiko cha mama, akapapasa. Mishipa ya mtu aliyekauka maji hujificha. Aliona kama kamstari ka kijani, akachoma, na ngozi ikaanza kuvimba pale pale. Alitoa sindano, akabana pamba, akasema pardon. Akajaribu mkono wa pili. Safari hii aliisukuma kwa nguvu, kama mtu anayetaka jambo liishe, na mama Cibalonza akauma kona ya shuka.

"Haiko kitu, mutoto," mama alisema alipopata pumzi. "Ni hii mukono yangu, imekuwa ya uzee."

Mgonjwa ndiye aliyekuwa anaomba radhi. Joviale alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Basi," Virginie alisema. "Inatosha. Imebakia moja."

Mama Mélanie alikuja, akaichukua ile ya tatu, akampigapiga mama nyuma ya kiganja kwa vidole viwili, na sindano ikaingia. Matone yakaanza kushuka. Kisha akafungua karatasi ya alama na kuandika kumi na nne juu ya ishirini mbele ya jina la Joviale, bila kumtazama.

"Maman Mélanie, ile quatorze ni ya nani?"

"Ni yako."

"Nimekosa mara mbili. Muandike quatre, nne tu."

Mama Mélanie alirudisha kalamu mfukoni. "Pointi zako zilifika hapa mbele wewe ufike. Comité ya sport ilizileta juma iliyopita, mimi ninacopier tu. Nikiweka quatre utarudilia mwaka, hautacheza, na mimi bataniuliza niko nafanya politike gani." Alishusha sauti, na sauti yenyewe haikuwa ya ukali. "Hapa wewe hauwezi kuanguka, binti yangu. Benzako banaweza."

Joviale aliogopa. Mpaka siku ile alikuwa ameogopa kufeli kama kila mwanafunzi. Sasa aliogopa kupasi. Angepasi huu mwaka, angepasi na mwingine, na mwisho wake wangempa diploma na wodi nzima, na mtu kama mama Cibalonza angemnyooshea mkono akiwa na imani yote.

Honi ililia uani. Kocha Guy aliingia na suti yake ya mazoezi, akiwasalimu wagonjwa huku na huku kama mtu anayegombea udiputé bungeni.

"Joviale, tukwende! Kombi nzima inakungojea. Na ule mukono usiuchokeshe, tuko na kazi nao leo."

"Siendi, coach."

"Unasema?"

"Siendi. Nafasi yangu bampe Virginie. Yeye alipasi concours."

Kocha Guy alimgeukia Virginie, akamtazama kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwani. Virginie alikuwa amesimama na kitenge mkononi, na hakukikunja tena. Uso wake ulifunguka ghafla, na Joviale akamwona yule Virginie wa zamani aliyenyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza swali.

"Anacheza basket?" Guy aliuliza.

Virginie alitikisa kichwa.

"Basi haiwezekani." Hakuwa mtu mbaya, na alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Ile nafasi haiko ya shule, Joviale, ni ya timu. Ukitoka, kuko musichana wa Uvira, murefu wa mètre quatre-vingt-huit, mizigo yake iko tayari. Huyo hata kidonda hajawahi kufunga. Mutafanya je? Batoto banajiandikisha kwa shule yetu kwa sababu banaona tunashinda, na ile pesa banalipa njo inamulipa hata maman Mélanie kwa hizi stage. Uliza yeye."

Mama Mélanie alitazama matone ya perfusion.

"Dakika kumi," Guy alisema, akatoka.

Uso wa Virginie ulikuwa umeshajifunga. Alimalizia kukunja kitenge, akakiweka juu ya vingine. "Kumbe haikukuwaka yangu hata siku moja," alisema. "Na mimi nilikuwa nakuchukia bure."

"Virginie, unisamehe."

"Sikukuambia uniombe pardon. Ikala hapa chini." Alimvutia mkeka, mwenyewe akaketi ukingoni mwa kitanda, akapandisha mkono wa blauzi yake mpaka begani. "Maman Mélanie, muko na sindano ingine?"

Mama Mélanie alitazama mlango. Kisha alivuta droo, akatoa sindano ya kuchota damu na pamba yenye spiriti, akaviweka juu ya shuka na kusimama karibu.

"Kama mimi sitapata ile nafasi, basi ule mwenye kuipata ajue kazi," Virginie alisema. "Kesho utachoma mama ya mutu mwingine. Chomea kwangu."

Honi ililia tena. Joviale alimfunga mpira juu ya kiwiko. Vidole vilivyotupa mpira mbele ya uwanja uliojaa sasa vilikuwa vinapapasa mshipa, na kila aliyekuwa kitandani aliviangalia.

"Usifunge macho," mama Mélanie alisema.

Aliingiza sindano. Damu haikuja. Aliisogeza kidogo, bado haikuja. Uani mtu alikuwa akiita jina lake kwa sauti, na honi sasa haikunyamaza. Machozi yalimlenga Virginie, lakini mkono aliuacha palepale.

"Toa," alisema. "Rudilia."