Mifupa Anaiacha Fizikia

Jina la Mifupa alilipatia saluni. Akiwa bado shule ya msingi, shangazi yake, msusi aliyemlea tangu mama yake afariki, aliteleza bafuni akavunjika mkono. Hospitali walimpiga eksirei, wakaibandika picha kwenye taa ukutani. Shangazi mtu alifumba macho. Mtoto hakubanduka.

"Kumbe ndani tuko hivi!"

Kuanzia hapo hakuna mteja aliyekaa kusukwa bila kushikwa kiwiko, kupapaswa bega na kuulizwa kama amewahi kuvunjika. Wateja walicheka mpaka machozi. "Huyu Mifupa wako atatumaliza!"

"Chekeni tu," shangazi alijibu kwa majivuno. "Mtakuja kupanga foleni mlangoni kwake."

Sekondari, Mifupa alizipenda sayansi zote, ila fizikia haikumpenda yeye. Mwalimu aliyeijua alihama katikati ya mwaka, na aliyeletwa badala yake aliandika ubaoni kwa mkono mmoja huku anafuta kwa mwingine. Matokeo ya muhula yalipotoka, Mifupa alijifungia stoo ya saluni, katikati ya maboksi ya nywele za bandia, akalia kwa kwikwi.

Shangazi alimwacha mteja kichwa nusu, akaja kukaa naye sakafuni.

"Nini, mwanangu?"

"Fizikia. Nimefeli, shangazi. Nasoma mpaka macho yanauma, haiingii."

"Si ndiyo mwaka wenu wa kuchagua masomo? Lazima uwe nayo?"

"Si lazima. Wengine wanaiacha, wanachukua jiografia."

"Basi iache. Baiolojia unayo, kemia unayo, sayansi gani tena unatafuta? Iache kabla haijakuharibia na hizo nyingine. Mimi siwezi kukuona hivi."

Aliyasema kwa moyo mweupe. Hakuwa na sababu nyingine yoyote, zaidi ya kwamba mtoto wake alikuwa analia.

Siku ya kuchagua, mwalimu wa kemia alimwita pembeni. "Unataka kusomea nini mbeleni?"

"Eksirei, mwalimu."

"Na chuo umewauliza wanataka masomo gani?"

"Shangazi ameshanishauri."

Mwalimu alifungua mdomo aseme kitu, kengele ikalia, akakimbilia darasa lingine.

Bila fizikia, Mifupa alipaa. Matokeo ya mwisho yalikuwa mazuri kiasi kwamba shangazi alifunga saluni mchana kweupe, akajitia manukato, wakaenda chuoni wameshikana mikono. Msajili, mama mmoja mpole, alikitazama cheti, akatabasamu, kisha tabasamu likapungua.

"Hongera sana. Fizikia yako iko wapi?"

"Sikuisoma."

Msajili alivua miwani. "Mdogo wangu, mashine ya eksirei ni fizikia tupu. Mionzi ni fizikia. Bila hiyo siwezi kukupokea, hata ningetaka."

"Lakini ana baiolojia," shangazi alidakia. "Ana kemia, tena ya juu kabisa. Hebu angalia vizuri."

"Nimeona, mama."

"Huyu ana kichwa. Atajifunzia hapahapa."

"Mama, si suala la kichwa."

Hapo shangazi aliinuka, akaishika meza kwa mikono miwili. Sauti yake, iliyozoea kushindana na kelele za draya, ilitoka ndogo kama ya mtu mgonjwa. "Mimi ndiye niliyemwambia aache. Yeye hakuwa na kosa. Mimi ndiye nisiyejua. Niadhibu mimi, mtoto mwache."

Watu kwenye foleni walitazama chini. Msajili naye alitazama chini.

"Shangazi," Mifupa alisema, "twende."

Njiani hasira zilimpanda. Swali lilimfika kooni: kwa nini uliniambia niache? Akageuka alitoe, akamwona shangazi anatembea anajigongagonga na watu, mkoba umefunguka na wala hajui. Akalimeza. Akamfungia mkoba.

"Ningeuliza mwenyewe," alisema. "Mwalimu aliniuliza kama nimewauliza chuo."

"Ungeuliza nini, na mimi nilishakujibu?"

Mifupa hakukata tamaa mara moja. Alijaribu kuisoma fizikia peke yake nyumbani, lakini mtihani ulitaka na vitendo, na kila shule aliyobishia hodi ilisema maabara haiwatoshi hata wanafunzi wao. Mwaka ukapita hivyo. Mwishowe aliomba famasia, wakamchukua siku hiyohiyo. Alikuwa hodari. Ila kila alipopita kwenye korido ya eksirei wakati wa mafunzo ya hospitalini, aliongeza mwendo, na wenzake wakadhani anaogopa mionzi.

Siku ya mahafali, shangazi alikaa mstari wa mbele, akapiga vigelegele kuliko wazazi wote. Walipokutana nje alimkumbatia, akamsemea sikioni, "Nisamehe, mwanangu."

"Nilishakusamehe zamani, shangazi."

Ilikuwa kweli. Lakini msamaha haukumrudishia kile alichokitaka, na wote wawili walilijua hilo. Waliendelea kushikana pale uwanjani, na familia nyingine, zenye maua na vicheko, zikawa zinawapita pembeni.