Mushale ya Stany na Shifre ya Tshilombo

Batu yangu, ile nitabaambia leo hamutaamini. Mi mwenyewe, siku nilisikia mara ya kwanza, nilisema: apana, ile ni bongo, uongo mutupu! Kumbe si bongo. Ilifanyika hapa hapa Kolwezi, mu ile mwaka batu ya Kasai balifukuzwa, na yote ilianza na pompi mbili ya kinga, baiskeli. Ndiyo, pompi ya kuweka mupepo mu pine! Mucheke tu. Mutaacha kucheka.

Mu Manika, pembeni ya soko, batengenezaji ba kinga babili balikuwa natumika kazi chini ya paa moja ya malata. Moja ni Stany Kabemba, mutoto wa Katanga. Mwingine ni Tshilombo. Baba ya Tshilombo ndiye alitokaka Kasai, alikuya kutafuta kazi mu kampuni ya shaba. Tshilombo yeye alizaliwa paka hapa Manika, hata ile Kasai hakuionaka na macho.

Pompi ya Stany ilikuwa ya mushale: kioo ya muviringo, na mushale ndani, unapompa, anapanda pole pole kuonyesha mupepo iko ngapi. Pompi ya Tshilombo ilikuwa ya shifre, ni kusema namba. Eh, ile pompi! Muzungu moja wa kampuni, ule alikuwa napenda kukimbiza kinga siku ya yenga, siku ya kanisa, alikimbia wakati ya pillage, wakati maaskari balikuwa naiba, akamuachia. Ilikuwa na pile ndani, betri kadogo, na kadirisha kadogo, unapompa, shifre zinaruka ndani sawa panzi. Batu balikuwa natoka mbali kuiangalia.

Basi kutwa nzima ni mabishano.

— Tshilombo, ile yako ni pompi ao ni saa?

— Afazali saa, vié, muzee wangu. Yako ni mulango. Unaipigaka odi kila mara!

Juu Stany alikuwa na ile tabia. Mbele ya kusoma mushale, anagonga kioo na kidole: to, to. Alikuwa nagonga bila kujijua, sawa vile mutu anajikunaka kichwa. Tshilombo alikuwa nakufa na kicheko.

— Odi, odi! Tata mushale, uko ndani?

— Rudisha shifre yako kwa bazungu!

— Mi nasema mbili nukta saba, kwisha. Wee unasema "karibu tatu". Kila kintu yako ni karibu. Hata ndevu unanyoaka karibu!

Batu ya makala, makaa ya kupika, bale banatoka Mutshatsha na magunia ju ya kinga, balikuwa napompa kwa moja, banaenda kupima kwa mwingine, juu ya kubagombanisha tu. Na Stany alikuwa na neno yake moja, hakuichokaka:

— Mushale yangu hailake pile. Kidole inaweza kukudanganya, tumbo inaweza kukudanganya. Mushale, apana.

Kiisha kazi ikakufa ku kampuni, mishahara ikakufa, na batu bakaanza kutafuta mutu wa kuchukia. Bajeune, vijana, bakapita mu Manika na nyimbo na fimbo, beko naita batu ya Kasai bilulu, sawa bale badudu banakula muhogo. Siku moja bakafika chini ya ile malata.

— Tata Stany, ule kilulu yako eko wapi?

— Hapa hakuna kilulu. Hapa kuko Tshilombo. Munataka nini kwake? Alishakutengenezea kinga, wee, na wee pale nyuma, usifiche uso!

Bakamusukuma Stany chini. Bakavunja kisanduku ya Tshilombo, bakachoma kiti yake. Pompi ya shifre ilipona juu ilikuwa ndani ya nyumba.

Gare ya Kolwezi ilikuwa imejaa. Batu balikuwa nalala chini na batoto, banangojea treni ile haifike. Musafiri, ule dereva mwenye kamio, lori, akaleta habari: treni ya Kasai iko Tenke, itaondoka yenga. Lakini mu kamio hakuweza kubabeba, ku barrière, kizuizi ya njia, bajeune balikuwa napiga kila dereva anapitisha Mukasai. Tshilombo akakata shauri: ataenda na kinga, kwa njia ya mu pori. Bibi yake Fidélie atakaa nyuma, na Mwadi, mutoto yabo mudogo, ku mugongo. Kufika Tenke mbele ya treni kuondoka, ile tu ndiyo ilikuwa imebakia mu maisha yabo.

Asubui ya kuondoka, Tshilombo anatosha pompi yake, anapompa, kadirisha iko nusu-nusu. Shifre zinaonekana, zinapotea, kiisha kweusi. Pile imekufa. Na mu soko yote hakukuwa pile, maduka yalishaibiwa.

Batu yangu, munaweza kuamini? Stany akafurahi! Machozi iko mu macho, rafiki eko naondoka, na yeye anaruka-ruka sawa mutoto:

— Nilisemaka! Nilisemaka! Mushale hailake pile! Chukua yangu, uniachie ile saa yako ya bazungu.

— Sawa, vié. Ulishinda. Leo nasema mbele ya bibi yangu: ulishinda.

— Rudilia, sikusikia vizuri!

— Ulishinda, wee mwenye ndevu karibu!

Bakakumbatiana. Kwa mwisho Fidélie naye akacheka kidogo. Bakaenda.

Myezi ikapita. Siku moja Musafiri akasimamisha kamio mbele ya malata, hakutelemuka mbio sawa kila siku. Akatelemuka pole.

— Stany, rafiki yako angali Tenke. Treni ilibaacha.

— Angali Tenke? Na mama Fidélie? Na Mwadi?

Musafiri akafungua mulango ya kamio.

— Panda, twende.

Ku gare ya Tenke, familia zilikuwa zimelala mu kila pembe, moshi, nguo juu ya reli. Fidélie alikuwa amekaa, amemugeuzia bwana yake mugongo. Ku mugongo yake mwenyewe hakukuwa kintu. Alipomuona Stany akalia, kiisha akasema, sauti kavu, bila kumuangalia Tshilombo:

— Muulize tata ya Mwadi. Muulize juu ya nini alipompa mu njia sawa mutu wa wazimu. Nilimuambia, inatosha, pine iko sawa jiwe! Yeye: mama, mushale inasema bado. Akapompa, akapompa. Jua ikapanda. Pine ikalia paa! ikapasuka, hata kushona haikuwezekana. Tukatembea na miguu. Tuliona mukia ya treni, tata Stany. Mukia! Kiisha hapa surua ikakuya. Ikamukamata Mwadi.

Tshilombo akasema polepole:

— Kidole yangu iliona kama ni ngumu sana. Lakini nikajisemea, mushale ya Stany haidanganye. Kosa ni yangu. Nilizoea shifre, mushale sikujua kuisoma.

Pale ndiyo Stany aliona kidole yake mwenyewe: to, to. Ile pompi ilishaanguka zamani, mushale alikuwa nakwama. Usipogonga kioo, anabakia chini, anasema mbili wakati mupepo iko ine. Miaka yote alikuwa nagonga, hata akasahau kama ni bugonjwa ya pompi. Na siku ya kuipatiana, alikuwa na furaha mingi ya kushinda, hakusema.

Akamukokota Tshilombo nyuma ya tanki ya maji, akamuambia yote. Tshilombo akagonga tanki na kidole: to, to.

— Basi zile odi zote...

— Ndiyo. Mi ndiye nilimuua Mwadi. Naenda kumuambia mama yake sasa hivi.

Tshilombo akamukamata mukono, nguvu.

— Usimuambie. Sikia, vié. Mu Katanga yote, Fidélie amebakiza mutu moja tu wa kusema alikuwa muzuri. Ni wee. Ukimuondolea na ule, atabakia na nini?

— Na wee? Anakuchukia juu ya kosa ya mwingine!

— Alishasema, tukifika Kasai, anarudia kwa baba yake. Lakini mi niko bwana yake. Anichukie.

Na treni ikalia! Ile treni bote balikuwa nangojea ikaingia, batu bakapanda ku milango, ku madirisha. Tshilombo akamusukuma bibi yake ndani. Treni ikaanza kutembea, na Fidélie akatosha mukono ku dirisha, akamukamata Stany.

— Tata Stany, sitatukana Katanga yote. Juu ya wee. Mungu akubariki.

Nyuma yake, Tshilombo eko natingisha kichwa: apana, apana. Stany anatembea pembeni ya treni, mukono ya mama ndani ya yake, kinywa wazi. Neno iko pale, ku ulimi. Anakimbia sasa.

— Safari njema, mama, akasema.

Mukono ikatoka.

Sasa wee unasoma, niambie bila kujificha: pale, na ule mama anakubariki, na bwana yake anakulomba unyamaze, wee ungefanya nini?