Kipande cha Ndege cha Masika

Masika alifika kwa Papa Léopold, muyeyushaji wa aluminium anayetengeneza sufuria, na kipande kirefu cha ndege iliyoanguka kichwani. Alipokimbia vita huko Kalengera, sufuria yake kubwa ilibaki jikoni, na anayeuza maharagi kambini bila sufuria kubwa anauza maneno tu. Kipande hicho alikipata kwa kutoa blanketi yake ya mwisho.

Sheria ya Léopold ilijulikana mpaka mtaa wa Katindo: lete aluminium, nusu utarudishiwa ikiwa sufuria, nusu ni yake. Léopold akapitisha sumaku juu ya kipande, haikushika: si chuma.

"Ndege ni aluminium," Masika akamwambia. "Ao ya kwenu inarukaga na mawe?"

Kwa kawaida Léopold husugua kwanza kipande kwenye jiwe la kunolea, aone kama kinatoa cheche. Aluminium haitoi. Siku hiyo foleni ya wateja ilikuwa inacheka maneno ya Masika, akaona haya, akakitumbukiza moja kwa moja ndani ya aluminium iliyokwisha kuyeyuka, katikati ya tanuru lake la mawe ya volkano.

Akavukuta moto. Gunia la makala, makaa ya miti, likaisha. Vifuniko vya sufuria walivyoleta wengine vikawa uji. Kipande cha Masika kikakaa humo kama mkwe anayesubiri kukaribishwa.

"Hii ni titane, si aluminium," Léopold akasema mwishowe. "Ya moteur ya ndege. Kwa wazungu wanaiyeyusha na umeme, ndani ya tanuru lisilo na hewa."

"Na kwako?"

"Kwangu, mama, umeme wa kuwasha taa tu unakujaga kama mugeni."

Watu wakacheka. Masika hakucheka. Blanketi imekwenda, sufuria haijaja.

Léopold akakitoa kwa fimbo ya chuma anayokorogea. Ncha yake ilikuwa nyembamba kama mkia wa panya.

"Nani alikula fimbo yako, papa?"

"Aluminium ya moto. Inakulaga chuma. Nachoka kubadilisha."

Masika akainama, akakichunguza kipande chake. Kingo zilikuwa vilevile.

"Yangu haikuliwa," akasema. "Ukorogee hiyo. Unipe sufuria."

"Na makala yangu?"

"Ni mimi nilikukataza kukisugua kwenye jiwe lako?"

Léopold akajikuna kidevu. "Sufuria kubwa iko moja tu. Mushikio wake ulitoka kombo."

"Maharagi hayaangaliagi mushikio."

Léopold akaitazama foleni. Foleni ilikuwa inamtazama yeye. Akaenda kuileta sufuria.