Nyumba Zisizohesabiwa

Watoto watatu wa Mama Mageni waliacha kula kwa wakati mmoja. Hakuna aliyewagusa, wala mbwa hakubweka. Mageni, mkubwa wao, alirudisha tonge lake la ugali kwenye chungu, akabandika viganja vyote viwili ardhini. Wadogo zake wakafanya vivyo hivyo, nyuso zao zikiwa zimeelekea vilimani. Marselino alitega sikio asisikie kitu. Kisha baruti ya mgodi ikalipuka huko mbali, maji yakatetemeka mtungini na kuku wakatawanyika. Wakati huo watoto walikwisha kurudia chakula chao.

"Huambiwa kabla yetu," alisema Mama Mageni.

"Na nani?"

"Wewe ndiye uliyesoma, baba."

Marselino alijua jibu: ardhi hupeleka mtikisiko upesi kuliko hewa inavyopeleka sauti, na watoto wale viziwi walikuwa wamejifunza kusikia kwa viganja. Alijua, lakini ngozi ya mikono yake ilikuwa imemsisimka hata hivyo.

Ilikuwa mwaka 1937, na mgodi wa dhahabu ulikuwa bado mgeni katika nchi ya Geita. Marselino alikuwa amekuja likizo kutoka chuo cha Kampala, alikokuwa akisomea kilimo. Huko mwalimu wao aliwapa magunzi yenye punje nyekundu na nyeupe, akawafundisha kwamba wekundu unaweza kujificha ndani ya weupe kizazi kizima, kisha ukatokeza. Na kwamba wawili wenye kuuficha wakikutana, robo ya uzao wao huwa nyekundu. Sheria ile ilimwingia kama wimbo. Akaomba ruhusa ya kuitafuta kwa watu, katika vijiji hivi ambako uziwi ulizaliwa na watoto.

Shida ilikuwa moja. Huku kwao mama hahesabiwi watoto, wala hawahesabu mwenyewe kwa mdomo. Ukimuuliza anao wangapi, atakujibu, "Wapo," na yamekwisha. Ni Limi, mchumba wake, aliyepata njia. Alimpa kila mama punje za mahindi, nyeupe kwa mtoto anayesikia na nyekundu kwa asiyesikia. Mama aligeuka mgongo, akadondosha zake kibuyuni, akakirudisha bila kusema neno. Kwa kuwa haikupendeza wachumba watembee peke yao, Pantaleo, kaka yake Limi, kibarua wa mgodini aliyekuwa mapumzikoni, aliwafuata nyuma akipiga mluzi.

"Shemeji," alisema walipotoka kwa Mama Mageni, "ina maana baba yako alikupeleka mpaka Kampala ukajifunze kuhesabu mahindi? Si ungekuja kwa bibi yetu akufundishe bure, na maziwa juu?"

"Bibi yenu angeniachisha shule siku ya kwanza."

"Angekuachisha na kuoa pia, ukijifanya mjuaji."

Limi hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa na jambo. Ndugu wa mama yake, mjomba aliyemlea, alizaliwa kiziwi, na kijiji kizima kilijua. Kaka yake alipotangulia kidogo, akasema polepole, "Nami je, Marselino? Hicho kilichojificha, nami ninacho?"

"Huenda. Lakini kikiwa upande mmoja tu hakitokezi. Sharti kije na kwa baba pia."

"Na kwenu?"

"Kwetu wote tunasikia."

Aliona mabega ya Limi yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuingia zizini kwa baba yake Limi, na harusi ilingoja mavuno tu.

Walipumzika kwenye jiwe kubwa nje ya kijiji. Marselino akamimina punje kwenye kanga ya Limi na kuzitenga. Alitarajia robo iwe nyekundu. Nyekundu zilipita theluthi. Akazichanganya, akazitenga tena, na wekundu ule ukabaki vilevile, ukimtazama kama macho ya njiwa.

"Wamama wamekudanganya," alisema Pantaleo.

"Hapana. Kuna nyeupe zimepotea."

Lakini zimepotelea wapi? Aliinua macho. Ng'ambo ya njia palikuwa na mji wa watu, watoto wengi wakifukuzana uani kwa kelele. Hakuwa ameingia pale. Alikuwa amemwomba jumbe amwonyeshe nyumba zenye viziwi, naye akamwonyesha hizo tu. Ndipo neno moja la mwalimu wake, ambalo darasani lilimpita, likamrudia: jihadharini na nyumba zisizowaita. Wapo wazazi, baba na mama, ambao wote wawili wanakificha kitu kilekile, na kwa bahati tu kila mtoto wao akasikia. Nyumba ya namna hiyo nani ataionyesha? Jumbe haijui. Wenyewe hawajijui. Nyeupe zilizopotea zilikuwa humo.

Walipoingia tena kijijini, watoto walimkimbilia. "Shikamoo! Shikamoo!" Akaitikia marahaba. Ilikuwa kama kwamba nyuma ya kila aliyemwamkia alisimama mwingine, wa kimo kilekile, asiyefumbua mdomo. Milango ya nyumba, iliyokuwa milango tu asubuhi, sasa ilimtazama. Alijaribu kucheka moyoni: ni hesabu tu, ni mahindi tu. Kisha akakumbuka kuwa kuna nyumba nyingine ambayo hakuingia na kibuyu, naye alizaliwa humo.

Akasimama katikati ya njia.

"Umekanyaga mwiba?" aliuliza Pantaleo.

"Pantaleo, ututangulie kidogo, ndugu yangu."

Pantaleo alitaka kutania, akauona uso wake, akaenda bila mluzi.

"Nilikwambia kwetu wote tunasikia," Marselino alisema. "Tulio hai, ndiyo. Nilikuwa na dada. Alinifuata mimi kuzaliwa. Alikuwa hasikii."

Limi akamsogelea.

"Ilikuwa kiangazi, tukicheza kwenye mchanga wa mto. Mvua ilikuwa imenyesha juu, huko tusikokuona, maji yakashuka kama ukuta. Watu wote walipiga kelele. Alikuwa ametupa mgongo, anachimba kisima cha mchezo. Tangu siku hiyo mama hakumtaja. Nasi hatukumtaja. Hata mimi, nimezunguka vijiji vyote hivi nikiwauliza watu, sikumkumbuka kwa ajili ya swali langu mwenyewe. Kwa hiyo huenda ninacho, Limi. Yaelekea ninacho. Nimekutuliza kwa uongo ambao sikuujua."

Upepo uliinua vumbi, ukalilaza.

"Aliitwa nani?" aliuliza Limi.

"Scolastika." Jina lilitoka na kutu.

"Hilo ni la padri, na mtoto hakulisikia. Ninyi mlimwitaje?"

Marselino hakutegemea mkono wake ungekumbuka. Uliinuka wenyewe: vidole viwili vikagusa shavu, pale mdogo wake alipokuwa na kishimo akicheka, kisha vikafunguka kuelekea mbele.

"Ng'ombe wasirudishwe," alisema Limi. Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Akija wa kuitwa hivyo, nitataka niwe nimekwisha kujua kumwita."

Akageuka, akaikabili njia tupu iliyoteremkia mtoni. Akagusa shavu kwa vidole viwili, akavifungua. Ishara hakuipatia vizuri, akarudia, taratibu zaidi, kama anayeita kweli.

Marselino alitaka kumwambia ashushe mkono. Ishara ile, kila alipoifanya, ilimleta mdogo wake mbio, isipokuwa siku ile moja alipokuwa amewapa mgongo. Lakini hakusema. Alisimama bega kwa bega naye, wakaitazama njia wote wawili.