Mgeni Halishwi Mahindi

Kwenye zizi letu la kunenepesha, ng'ombe aliyeshushwa leo kwenye lori tunamwita mgeni. Mgeni hapewi nafaka. Anakula nyasi kavu na kunywa maji mpaka tumbo litulie, ndipo anaonjeshwa mahindi yaliyoparazwa, konzi leo, kopo keshokutwa. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe angelipata mapema, mahindi yangesubiri.

Baba mkwe hakuipenda sheria hiyo. Ng'ombe wake wote waliisha kwa ukame, akaja kuishi kwetu, na kila asubuhi yeye ndiye aliyefagia mahori. Mume wangu alitaka kumpeleka kwa wifi yangu, ghorofani, akae akitazama ukuta mpaka siku yake ifike. Nilikataa katakata. Mume wangu akasema haya, abaki, lakini akiharibu kitu kimoja tu anaondoka, na mimi nisifungue mdomo. Nikaahidi. Mzee alikuwa chumba cha pili, alisikia kila neno.

Nyasi zilipokaribia kwisha, mume wangu akiwa safarini, nilikwenda kuzitafuta, nikamwachia mzee zizi. Nilimsisitizia: wageni, nyasi tu, hata kama ni za kuokoteza. Akaitikia vizuri. Gari la nyasi likaharibika njiani, nikarudi kesho yake.

Harufu ilinipokea getini, uchachu wa uji uliosahaulika. Kinyesi kilikuwa cha kijivu, majimaji. Baadhi ya wageni walikuwa wamelala chini, ubavu wa kushoto umetuna, macho yameingia ndani. Waliosimama walipepesuka kama walevi. Kwenye pembe za hori lao niliona punje za mahindi. Hasira ilinipanda, nikaitupa ndoo ukutani.

Mzee alikuwa amepiga magoti, anamsugua dume mmoja tumbo.

"Walikuwa wanalia, mwanangu," akasema. "Nyasi ziliisha. Wanawaona wenzao wanakula, wao wanalia. Mgeni alale njaa nyumbani kwangu?"

Nilikimbilia simu. Daktari wa mifugo alikuja, tukawanywesha magadi kwa chupa, tukawatembeza walioweza kusimama. Alieleza kwamba tumbo lililozoea nyasi likijazwa nafaka ghafla linageuka siki, na mnyama anakufa kwa kushiba. Mzee alimsikiliza akiwa ameshika kofia yake. Hao wageni walikuwa wamekonda kutoka huko walikotoka, wakaja kwetu wanone. Wengi wao tuliwafukia nyuma ya zizi, na niliyachukia mahindi yote duniani.

Mume wangu aliporudi hakugomba. Aliuliza tu begi la baba liko wapi. Nilifungua mdomo, akanitazama, nikaufunga. Ahadi ni deni, na hilo nililichukua mwenyewe. Watu husema tenda wema nenda zako. Baba mkwe alitenda wema, na kweli akaenda zake.

Asubuhi ya safari nilimpakulia chakula mpaka sahani ikafurika, maana sikujua kingine cha kumpa. Mume wangu alikuwa nje, anawasha gari. Mzee aliitazama sahani, kisha akaisukuma kwangu taratibu.

"Punguza, mwanangu," akasema. "Ninakokwenda, mimi ni mgeni."

Nikarudisha nusu kwenye sufuria.