Bomba la Mikorosho

Mwamvua alikwenda Bungu kwenye hitima ya wifi yake, mke wa kaka yake, akamwachia mumewe Mtoro vitu viwili: mjukuu wao Warda, wa miaka mitatu, na bustani ya nyuma ya nyumba. Kuhusu bustani alimwonya mara tatu. Inzi weupe wameingia kwenye nyanya, sawa, lakini dawa yao imo ndooni, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa kwa sabuni kidogo. Asithubutu kuleta sumu anayopulizia mikorosho.

Mtoro alikuwa na mikorosho sitini, na bustani ile kwake ilikuwa kichekesho. Kila baada ya mashina mawili ya nyanya mkewe alipanda kivumbasi, ili harufu iwakere wadudu, na kandokando akazungusha vitunguu. “Hii bustani au pilau?” alizoea kuuliza. Kachumbari yake, hata hivyo, hakuikataa siku hata moja.

Mwamvua alirejea siku ya pili, alasiri. Kwanza aliliona bomba la kupulizia mikorosho, ambalo hukaa banda la shambani, limeegemezwa ukuta wa jiko. Kisha akaona majani ya nyanya yamelowa chepechepe. Halafu akamwona Warda, kachuchumaa katikati ya matuta, mdomo mwekundu wote.

“Umekula ngapi, mama?”

“Nyingi!” Warda alisema kwa fahari.

Akamkwapua, akamnusa mdomo, akamchungulia macho. Sumu ile mwaka juzi ilimlaza mtu mzima siku nne, sembuse kitoto hiki. Na Yasmini, mama wa mtoto, atamwambia nini?

“Baba Yasmini! Umeniulia mtoto!”

Mtoro akatokea kona ya nyumba, ndoo mkono huu, fagio mkono ule. “Kafa nani?”

“Umepuliza nini hapa?”

Mtoro aliweka ndoo na fagio chini.

“Bomba nimelileta mie, sikufichi. Nilitaka ukirudi ukute inzi wamekwisha, nikucheke. Lakini huyu mjukuu wako, namtoa bustanini, anarudi. Namtoa, anarudi. Tangu asubuhi anachuma na kula. Mkono ukakataa. Sumu hata sikuitia. Nimechukua maji yako ya ndooni, nikarashia kwa fagio, jani moja moja, mgongo wenyewe hauna hali.”

“Apa.”

“Wallahi. Nusa.” Akamnyooshea viganja.

Harufu ya mwarobaini ilimpanda Mwamvua puani. Alikaa palepale kwenye tuta, Warda mapajani, akalia, akamshukuru Mungu, kisha kicheko kikamshika asijue kakitoa wapi. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa hajapata kumshika mumewe mkono mchana kweupe, mtu akiona. Kiganja kile kichungu alikivuta, akakibana shavuni, mtoto akiwatumbulia macho, wala hakukiachia.