Rangi Asiyoiona Mrefu

"Funga!" fundi wa maabara alimaka. "Mwanangu, umepitiliza. Hiyo si waridi tena, ni zambarau!"

Mrefu akafunga koki ya bureti, ule mrija mrefu wa kudondoshea. Besi ilikuwa imemiminika kwenye asidi kupita kiasi, naye kasimama kama gogo, macho kodo, akingoja mtu aseme "basi". Mtu huyo alizikwa wiki tatu zilizopita.

Walimwita Kasuku, maana aliweza kumpigia soga hata mtu aliyelala. Tangu waanze shahada ya kemia na fizikia walikaa meza moja: hesabu za Mrefu, macho ya Kasuku. Mrefu hatofautishi nyekundu na kijani, na alilificha jambo hilo kwa chuo kizima, akihofia kufukuzwa. Kasuku peke yake ndiye aliyejua. Kisha homa ya siku nne ikamchukua. Mwezi ujao kungekuwa na mtihani wa vitendo, kila mtu na meza yake, na Mrefu akianguka kemia, shahada nzima ingeota mbawa.

"Sioni rangi hiyo, mzee." Ilimtoka yenyewe. "Sijawahi kuiona."

Fundi hakushtuka. Alikwenda kabatini, akarudi na mita ya pH, kipimo cha ukali wa asidi. "Hii haitaki macho. Tumbukiza, soma namba. Inapopanda ghafla, ndipo penyewe. Hata kwenye mtihani inaruhusiwa."

"Ilikuwepo siku zote?"

"Tangu mwaka wenu wa kwanza. Mwenzako alikuja kuniuliza, nikamwonyesha." Fundi alifuta meza iliyokwisha kutakata. "Akanisihi nisikwambie. Akasema, 'Akipata mashine, mimi atanitakia nini?' Nilidhani mmeshaambiana."

"Hatukuambiana."

Hawakuambiana lolote. Mrefu alikuwa akisubiri wahitimu kwanza ndipo amwambie la moyoni, mjinga yule.

Aliosha chupa, akaanza upya. Tone, namba. Tone, namba. Sita, saba, mara tisa. Akafunga koki. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepatia bila msaada wa mtu, na alichukia kupatia huko.

"Safi kabisa," fundi alisema, akiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Ikoje?"

"Nini?"

"Hiyo rangi."

Fundi akafikiri. "Hafifu. Kama ukucha wa mtoto mchanga."

Mrefu akaipokea chupa kwa mikono miwili, akaiangalia kwa muda mrefu. Machoni pake mlikuwa na maji tu.